ACLM ya Antigua: chama ambacho hakikupata kiti hata kimoja, lakini kiliwaumbua Makaburu

Msomaji wa Ngamiani

Wakuu, salaam.

Kwenye ule mjadala wa vyama vidogo mdau mmoja aliandika kwamba chama kisicho na mbunge ni kundi la watu wenye kadi tu. Nikamwambia nitaleta mfano wa kumpinga. Umenichukua wiki tatu, maana sikutaka kuleta stori za kijiweni.

Mfano wenyewe unatoka Antigua, kule visiwa vya Karibi. Chama kiliitwa Antigua Caribbean Liberation Movement, yaani harakati ya ukombozi, kwa kifupi ACLM. Kilianza 1968, kikavunjwa 1992. Bungeni hakikuingia hata siku moja. Nitaleta kwa vipande, mnivumilie.

Kwanza mjue udogo wa mahali penyewe. Antigua ina kilomita za mraba 281. Unguja ni karibu mara sita yake. Ongeza kisiwa mwenza, Barbuda, chenye kilomita za mraba 161 na watu wachache sana. Wakazi wote kwa pamoja hawakufika laki moja enzi hizo. Bunge lina viti 17: 16 vya Antigua, kimoja cha Barbuda, na anayeongoza jimboni hata kwa kura moja ndiye anayechukua. Nchi ya namna hiyo watu wanajuana kwa majina, na unayempinga leo kesho mnakaa naye mkeka mmoja msibani.

Na mkubwa wa kisiwa alikuwa mmoja: Vere Cornwall Bird, watu wakimwita Papa Bird. Huyu mzee simsemi vibaya kirahisi. Chama cha wafanyakazi cha kisiwa kiliundwa 1939, yeye akashika uongozi wake 1943. Wakati huo Antigua ilikuwa miwa na njaa ya msimu. Mwaka 1951 wenye mashamba na wafanyakazi walifika pabaya, na mwakilishi wa matajiri, Alexander Moody-Stuart, akaenda kukutana na Bird kijijini Bethesda, chini ya mkwaju. Masimulizi ya kisiwa yanasema tajiri alitishia kwamba njaa itawarudisha kazini. Bird akamjibu kuwa watakula kome na majani ya porini, na maji watakunywa ya bwawani. Wakagoma kweli.

Sasa fikiria mtoto aliyezaliwa Bethesda, kila siku anapita chini ya ule mkwaju. Bibi yake alikuwepo siku ile. Ukimwendea bibi huyo na kumwambia asimpigie Bird kura, unamwambia aisahau siku kubwa kuliko zote maishani mwake. Hilo mliweke akilini, nitalirudia.

---

Kijana wa Kinondoni

Mkuu nimeweka kambi. Swali moja kabla hujaendelea: kama Bird alikuwa shujaa kiasi hicho, hawa ACLM waligombana naye kwa lipi?

---

Msomaji wa Ngamiani

Umeuliza penyewe, ndugu yangu.

Kilichotokea ni kwamba chama cha wafanyakazi na serikali vilikuwa mkono mmoja. Bird alikuwa mkuu wa serikali na wakati huohuo mkubwa wa chama cha wafanyakazi. Mfanyakazi akidhulumiwa na serikali akamshtaki nani kwa nani? Mwaka 1967 George Walter, mmoja wa viongozi wake, akatolewa kwenye chama hicho, akaunda kingine, Antigua Workers' Union. Machi 1968 likaja gomo kubwa, kisiwa kikasimama, ikatangazwa hali ya hatari. Kutokana na vuguvugu hilo kikazaliwa chama cha siasa cha Progressive Labour Movement, PLM, na mwaka 1971 PLM ikamwangusha Bird. Walter akawa waziri kiongozi.

Watu walishangilia sana. Lakini mwaka huohuo wa 1971 serikali ya Walter ikapitisha sheria ya magazeti: leseni ya dola 600 za Karibi Mashariki kwa mwaka, na juu yake dhamana ya dola 10,000. Kwa gazeti la kisiwa kidogo, hiyo ni kufungiwa mlango. Gazeti la Antigua Times lilikwenda mahakamani mpaka London, Privy Council, yaani mahakama ya mwisho ya rufaa, na mwaka 1975 likashindwa.

Hapo mtaona msimamo wa vijana wa 1968 ulikotokea. Walijiita kwanza Afro-Caribbean Movement. Jina lilibadilika zaidi ya mara moja kabla ya kutua kwenye ACLM. Kiongozi wao alikuwa Leonard Hector, wote wakimwita Tim, aliyezaliwa 1942. Alisoma Kanada, na huko akawa mmoja wa vijana wa Karibi waliokusanyika Montreal kumsoma na kumsikiliza mzee C.L.R. James, mwandishi na mwanafikra wa Trinidad. Alirudi nyumbani 1967 akiwa na miaka 24 au 25, akafundisha shule, akaanza kuandika.

James aliwafundisha jambo ambalo kwetu sisi tuliokulia kwenye chama kushika hatamu ni gumu kulimeza. Alikataa kabisa wazo la chama kinachowatangulia watu na kuwafikiria. Alisema wafanyakazi wenyewe, wakikaa kwenye mabaraza yao, wana akili ya kutosha kuendesha nchi, na kazi ya chama ni kuwapa habari, kuwapa jukwaa, kisha kuwapisha. ACLM ilijengwa juu ya hilo. Kwa hiyo ugomvi wao haukuwa na Bird peke yake. Walishaona Walter naye, aliyetoka kwenye mgomo, amekalia kiti kilekile na kufanya yaleyale.

---

Mzee wa Chang'ombe

Wanangu, nimesoma kimya nikaona hapo kwa James nichangie kidogo.

Mwaka 1974 nilikuwa kijana Mlimani. Juni ile Dar es Salaam ilipokea Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika. James alikuwa miongoni mwa wazee walioisukuma kazi hiyo tangu mwanzo, na sisi wanafunzi tulitarajia kumwona kwa macho. Hakuja. Sababu ni kwamba serikali za Karibi zilitaka wajumbe wawe wao tu, wapinzani wa mrengo wa kushoto, yaani vikundi vya aina hii ya ACLM, wabaki nje, na sisi wenyeji tukakubali. James akasema kama wale hawaingii, na yeye haingii.

Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alikuwa bado anafundisha pale Mlimani, akaandika waziwazi kuwakosoa viongozi wa dola kwenye mambo hayohayo. Tulimpenda sana Mwalimu, na bado nampenda. Lakini siku ile tuliwafungia mlango watu ambao hawakuwa na dola bali walikuwa na hoja, na roho yangu haijapata kutulia juu yake. Endelea mwanangu.

---

Msomaji wa Ngamiani

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Wenye kumbukumbu kama yako wamebaki wachache humu.

Sasa nafika kwenye kiini cha uzi.

Mwaka 1976 Bird alirudi madarakani, akiwa na mwanawe Lester kama msaidizi wake mkuu. Muda si mrefu ikaingia kampuni iitwayo Space Research Corporation, ya mhandisi Mkanada Gerald Bull. Bull alikuwa bingwa wa mizinga. Kampuni yake ilikaa mpakani, nusu Quebec, nusu Vermont, na serikali ya Antigua ikaipa eneo la kujaribia silaha kwenye rasi ya Crabbs.

Nani alihitaji kazi ya Bull? Afrika Kusini. Makaburu walivamia Angola 1975 wakakuta mizinga yao haifiki mbali, huku roketi za upande wa pili zikiwafikia wao. Bull alikuwa na kombora la milimita 155 lililobuniwa kuruka mbali kuliko ya kawaida. Novemba 1977 Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku nchi zote kuwauzia silaha. Kwa hiyo ilitakiwa njia ya uchochoroni, na uchochoro ukawa Antigua: kwenye karatasi shehena inakwenda kisiwani kwa majaribio, kumbe ikifika inaelekezwa Afrika Kusini. Moja ya meli iliitwa Tugelaland.

Waliogundua si majasusi. Ni wafanyakazi wa bandari ya St. John's. Shehena moja ilianguka wakati wa kupakia, ikapasuka, vikamwagika vitu ambavyo hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nini. Wale watu wakaanza kusema. Na kisiwani kulikuwa na mahali pamoja pa kupeleka neno la namna hiyo bila kuogopa kwamba litaishia kwenye droo: kwa Hector, kwenye gazeti la chama, Outlet.

Outlet ikachapa. ACLM ikaingia barabarani. Hawa walikuwa wameadhimisha Siku ya Ukombozi wa Afrika tangu 1972, kwa hiyo jina la Afrika Kusini lilikuwa na uzito vinywani mwa watu wa kawaida. Mwaka 1978 televisheni za Kanada na Uingereza zikalidaka jambo, likawa la dunia. Kampuni ikafungasha ikaondoka. Bull alikiri kosa Marekani mwaka 1980, akafungwa miezi michache.

Makombora mengi yalikuwa yameshafika, hilo lazima nilikiri. Makumi ya maelfu. Utaalamu wa Bull ndio uliozaa mzinga wa G5 ambao baadaye ulipiga Cuito Cuanavale, kule Angola. Lakini mlango ule ulifungwa, na walioupiga kufuli ni makuli na gazeti la chama kisicho na kiti.

---

Karani Mstaafu Kilindini

Salamu kutoka Mombasa. Nimefanya kazi gatini miaka 31, na hapo pa shehena kuanguka nimesimama nikavuta kiti.

Nyinyi mnaosoma hamjui kuli anajua nini. Karatasi inaweza kuandikwa vyombo vya utafiti, lakini uzito haudanganyi. Kreti ndogo ikinyanyuliwa na winchi ikaguna, yule wa chini anainua macho. Akiona kamba zimekaza kama za nguzo wakati mzigo wenyewe ni wa kimo cha kiti, anamgusa mwenzake. Hata isingepasuka, wangejua kuna neno. Kupasuka kuliwapa ushahidi tu.

Kujua ni rahisi, kusema ndiko kuna bei. Ukisema, kesho jina lako halisomwi langoni. Sisi tuliona mambo yetu miaka ile, wengine tulinyamaza, na hapakuwa na gazeti la kwenda kubisha hodi. Ndiyo maana hawa wa Antigua nawavulia kofia.

---

Kijana wa Kinondoni

Mzee Karani umenigusa. Sasa Msomaji, baada ya kazi kubwa hivyo uchaguzi uliofuata si walipeta?

---

Msomaji wa Ngamiani

Hawakupeta. Aprili 1980 Bird alichukua viti 13, PLM vitatu, na ACLM haikufikisha asilimia mbili ya kura. Hapo ndipo ninapopaonea uchungu, na ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko penginepo pote.

Maelezo mepesi ni kwamba watu waliogopa, na kuna ukweli. Sukari ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ikawa mwajiri mkubwa wa kisiwa. Redio ya ZDK ilikuwa mali ya familia ya Bird. Ukionekana kwenye mkutano wa Hector, binamu yako anayefanya kazi forodhani anaulizwa.

Lakini hofu haitoshi kueleza. Watu hawahawa walinunua Outlet kila wiki. Waliisoma vibarazani, wakabishana nayo, wakampelekea Hector siri za ofisini. Walimfanya macho yao, kisha siku ya kura wakarudi kwa Papa Bird wa mkwajuni. Nadhani waligawa kazi: huyu atuambie ukweli, yule atupe ajira na barabara. Na ACLM yenyewe ilisaidia kuzaa mgawanyo huo. Chama kinachosema kazi yake si kuwatawala watu, kikija kuomba kutawala kinaonekana kimesahau hotuba yake.

Halafu kuna Grenada, kisiwa kingine cha Karibi. Machi 1979 Maurice Bishop na wenzake walitwaa nchi, ACLM ikawaunga mkono kwa moyo wote. Tarehe 19 Oktoba 1983 Bishop akauawa na watu wa chama chake mwenyewe, siku sita baadaye Marekani ikavamia, na serikali ya Antigua ikapeleka askari wake kuusindikiza uvamizi huo. Kwa mwanamke wa kijijini aliyekuwa ameanza kuwasikiliza vijana wa Hector, somo lilikuwa fupi: hawa wanamapinduzi wanauana. Haikujalisha kwamba Hector, kwa mafundisho ya James, alikuwa anapinga kamati ya watu wachache kuamua maisha ya wengi. Mwaka 1984 chama cha Bird kikabeba viti vyote 16 vya Antigua.

Naiona hiyo ndiyo miaka migumu kuliko yote kwao, na ajabu ni kwamba ndiyo miaka waliyofanya kazi yao ya pili kubwa. Wakili wa Ilala uliniahidi utalieleza hilo la mahakamani, karibu.

---

Wakili wa Ilala

Asante mkuu. Nitaeleza kifupi, ingawa kesi yenyewe naipenda mno.

Mwaka 1985 Hector alishtakiwa kama mhariri wa Outlet. Sheria ya Utulivu wa Umma ya kule ilikuwa na kifungu kinachofanya iwe jinai kuchapa habari ya uongo ambayo inaweza kudhoofisha imani ya wananchi katika uendeshaji wa mambo ya umma. Msome taratibu hicho kifungu. Hakisemi habari iwe imemdhuru mtu, wala izue fujo. Inatosha iwe inaweza kuwapunguzia wananchi imani kwa wakubwa.

Hector hakusubiri kuhukumiwa, alikipinga kifungu chenyewe kwamba kinavunja katiba. Ikapanda mpaka Privy Council, London, mahakama ileile iliyoiangusha Antigua Times miaka 15 nyuma. Mwaka 1990 akashinda. Lord Bridge, aliyeandika hukumu, alisema kwamba wanaoshika madaraka lazima wawe wazi kukosolewa wakati wote, na kwamba kuuzima ukosoaji huo ni udhibiti wa kisiasa wa aina mbaya na ya hila. Akaongeza hoja ambayo wanafunzi wa sheria wanaikariri: kazi kubwa ya kuwakosoa watawala ni kuwashawishi wapiga kura kwamba wapinzani wao wangefanya vizuri zaidi, sasa ukifanya kosa la jinai kudhoofisha imani kwa serikali, uchaguzi unabaki na maana gani?

Kesi hiyo inatajwa kote katika Jumuiya ya Madola. Na sisi Afrika Mashariki tunaijua hoja hiyo kwa karibu: Februari 2004 Mahakama ya Juu ya Uganda ilikifuta kifungu cha habari za uongo kwenye kesi ya waandishi Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda. Kila ninapoandaa utetezi wa mwandishi, jina la Hector huwa linanipitia mkononi. Miaka mingi sikujua kwamba nyuma yake kulikuwa na chama, na mabaraza, na makuli.

---

Kijana wa Kinondoni

Kwa hiyo walishinda wakafungua mlango. Mwisho wa chama ulikuwaje? Na Hector?

---

Msomaji wa Ngamiani

Miaka ya mwisho ilikuwa mizito kwake. Mwaka 1989 mkewe, Arah, aliuawa nyumbani kwao. Sitalifanya hilo kuwa stori. Nalitaja kwa sababu aliendelea kuandika baada yake, na anayesoma maandishi ya miaka ile alijue.

Mwaka huohuo silaha za Israeli zilizonunuliwa kwa jina la Antigua ziliishia kwa wauza unga wa Medellín, Kolombia. Tume ya Louis Blom-Cooper ya 1990 ilisema Vere Bird mdogo, mtoto mwingine wa mzee, asishike tena ofisi ya umma. Ni uchochoro uleule wa Tugelaland umefunguliwa upya baada ya miaka 12. Nchi inayopangisha jina lake mara moja itapangisha tena.

Kashfa hiyo ndiyo iliyowakutanisha wapinzani. Mwaka 1992 ACLM, PLM na chama cha Baldwin Spencer vikaungana kuwa United Progressive Party, UPP. ACLM ikafunga vitabu vyake. Mwaka 1994 UPP ikapata viti vitano, watu wa Hector kwa mara ya kwanza wakawa ndani ya chama chenye wabunge. Ofisi za Outlet ziliungua moto mwaka 1998.

Na sasa lile ambalo wengi waliomheshimu hawakulimeza. Miaka yake ya mwisho Hector aligombana na wenzake wa UPP akamsogelea Lester Bird, mtu aliyempiga kwa kalamu miaka 30. Wapo waliomwita msaliti. Mimi nimelisoma mara nyingi na bado naliona ni kosa, kosa la mtu aliyechoka, aliyeamini kwamba kisiwa cha watu wachache hakiwezi kuendelea kupasuka nusu kwa nusu. Angesubiri kidogo. Alifariki Novemba 2002, siku chache kabla ya kutimiza miaka 60.

Tarehe 23 Machi 2004 UPP ilishinda viti 12 kati ya 17. Lester Bird hakupoteza serikali tu, alipoteza na jimbo lake mwenyewe.

---

Karani Mstaafu Kilindini

Mwanangu Msomaji, nimemaliza kusoma. Nimemsomea na mwenzangu tuliyekuwa naye gati namba tano, macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Amenyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nakumbuka usiku ule wa mzigo wa masanduku ya kijani. Nakumbuka. Nitauandika hapa nikipata nguvu.